Heshima ya Tufaha

9 Februari

Mwanangu Wino,

Hujambo wewe, na mkeo hajambo, na yule binti yenu je? Picha yake nimeibandika juu ya meza yangu, ananikodolea macho kama mimi ndiye niliyechelewesha makala. Meno yametoka mangapi? Huku sisi wazima. Goti langu la kushoto limegoma kupanda ngazi na mimi nimegoma kulibembeleza, basi kila asubuhi tunapanda huku tunagombana. Fundi anakusalimu sana. Bado anaongea na mtambo kuliko anavyoongea na mkewe, na mkewe anasema afadhali iwe hivyo.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu, kila nikikuuliza jambo la maana, mtandao wako unakatika. Nikikuuliza habari ya mvua unasikika vizuri mno. Barua haikatiki.

Sasa nisikilize. Karatasi ya magazeti hatutengenezi sisi wala hamtengenezi ninyi. Wote tunaagiza kutoka mbali, inakuja kwa meli zilezile, inashuka kwenu halafu inashuka kwetu. Ila tangu mwaka juzi huku hakuna anayeingiza hata roli moja la karatasi bila kibali cha Kamati ya Karatasi. Kamati hiyo inakaa ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye lifti ambayo haijawahi kunibeba. Na tangu tulipoandika habari ya yale mabomba ya maji, yaliyolipiwa yote na hakuna aliyeliona hata moja, kibali chetu kimekuwa kikipungua kila wanapokaa.

Nilikwenda kuuliza. Mwenyekiti akanikaribisha kiti, akanifunulia jedwali. "Mama, tazama mwenyewe. Kila mwaka nchi inaagiza karatasi kidogo kuliko mwaka uliopita. Watu hawasomi tena. Sasa sisi tutoe vibali vya nini?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa, mmefunga duka halafu mnahesabu wateja."

Akatabasamu. Simpendi mtu anayetabasamu akiwa amekalia karatasi yangu.

Ninyi huko kamati hamna. Nataka uniletee takwimu zenu za karatasi ya magazeti iliyoingia, miaka ishirini nyuma, mwaka kwa mwaka. Zetu ninazo. Nitazipanga ubavu kwa ubavu, mtu yeyote aone ni lini ninyi mlipanda na sisi tukaporomoka. Mwezi wa sita kamati inakaa kikao cha wazi na nimeshaandikisha jina nizungumze. Nisipowashinda hapo hatupati kibali tena, na gazeti alilolianzisha baba yako litafia mikononi mwangu. Halitafia. Nakuambia mapema ili usije ukaanza kunipa pole.

Na unitumie nakala moja ya gazeti lako. Mwaka mzima naomba. Mtu ni msimamizi wa mtambo wa gazeti kubwa namna hiyo na shangazi yake hajaona hata ukurasa wa matangazo ya vifo!

Nimekuwekea toleo letu la wiki hii.

Ni mimi shangazi yako, niliye mzima kuliko wanavyopenda.


20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika, tena ilifika mapema, ila mimi ndiye mchelewaji. Binti ana meno manne na ameshayatumia kwenye kidole changu. Mama yake hajambo, kazini kwake wamemhamishia wodi ya watoto na ameipenda. Sisi tumehamia chumba cha nyuma, kwa kuwa cha mbele kilikuwa kinapokea kelele zote za gereji. Kazini salama. Pole na goti. Shangazi, kuna dawa ya kuchua, si lazima kila kitu ukigombeze.

Gazeti nimelipokea. Limekonda. Nilipoondoka lilikuwa na kurasa kumi na sita. Hili nimelipekua mara mbili nikidhani nyingine zimedondoka posta. Fundi anasemaje?

Takwimu zimo kwenye vitabu vya biashara vya serikali, na vitabu vimo maktaba kuu. Vinaruhusiwa kusomwa na mtu yeyote, ila mkutubi alifurahi hadi nikamwonea huruma. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuviomba. Jedwali zima limo kwenye karatasi ya pili. Kwa ufupi, miaka ishirini iliyopita tulikuwa karibu sawa: ninyi tani elfu kumi na mbili, sisi elfu kumi na moja. Miaka kumi iliyopita ninyi elfu tisa, sisi elfu kumi na nne. Mwaka jana ninyi elfu tatu, sisi elfu kumi na tisa.

Shangazi, kuagiza karatasi ni jambo moja na kusoma gazeti ni jambo jingine. Usizisimamie tarakimu hizi kwa mguu mmoja.

Gazeti lako nitaliangalia.

Mwanao, Wino.


14 Aprili

Wino wangu,

Meno manne! Mwambie asiache kuuma, ni damu yetu hiyo. Mkeo mpe hongera ya wodi. Goti nimelichua kama ulivyoshauri na limenijibu kwa kuvimba, kwa hiyo tumerudi kwenye kugombana, ambako tumezoeana. Fundi ana kikohozi kisichoisha. Nimemwambia aende hospitali, anasema atakwenda akipata nafasi, na nafasi siku hizi anayo tele. Basi, tuyaache hayo.

Mwanangu, jedwali lako! Nimelisoma nikiwa nimesimama, nikalisoma nikiwa nimekaa, nikamsomea Fundi, nikamsomea mwanamke aliyekuja kuweka tangazo la cherehani. Elfu kumi na tisa! Mara sita yetu! Wanakuja kuniambia eti dunia imebadilika, eti watu wa sasa hawataki karatasi. Dunia hiyo haifiki kwa jirani? Hapo mpakani kuna ukuta wa kuzuia kubadilika? Nimechora mistari miwili kwenye karatasi ya kuchorea, wenu kwa wino mwekundu na wetu kwa mweusi. Inaanza pamoja kama ndugu, kisha mmoja unapanda ngazi na mwingine unatumbukia kisimani. Na mahali unapoanza kutumbukia kabisa ni mwaka uleule kamati ilipoundwa. Nitaibandika ukutani pale pale mbele yao.

Hotuba nimeshaiandika. Inaanza hivi: "Waheshimiwa, kwa jirani zetu watu wanasoma." Halafu nanyamaza, nawatazama mmoja mmoja. Halafu nalitoa gazeti lako, zito, la kurasa nyingi, nalitikisa. Kwa hiyo usiniangushe. Nitumie la siku ya Jumapili, najua ndilo nene.

Toleo letu la wiki hii sikuweka, litafuata. Usiniulize mambo ya gazeti mpaka nikuambie.

Ni shangazi yako, anayenoa kalamu.


5 Mei

Shikamoo Shangazi,

Binti amesimama bila kushika kitu. Alisimama, akatutazama, akaona tumefurahi mno, akakaa chini na kukataa kurudia. Mama yake anasema huo ukaidi haukutoka upande wake. Sisi wazima. Mvua zimekwisha. Fundi apelekwe hospitali hata kwa kuburutwa.

Gazeti uliloomba sijapata la kukufaa.

Nina maswali mawili. La kwanza, ile mashine ya baba, Bibi Kizee, bado ipo pale stoo ya nyuma? Ile ya kulisha karatasi moja moja kwa mkono. Nakumbuka ilikuwa imebaki kuchapa kadi za harusi. Nauliza tu. La pili, kikao hicho hakiwezi kusogezwa mbele kidogo? Kabla hujasimama pale ningependa tuongee.

Uliniambia nisiulize habari za gazeti. Siulizi. Nasema tu kwamba bahasha ilikuwa nyepesi.

Mwanao, Wino.


22 Mei

Wino,

Nyumbani wote wazima isipokuwa Fundi, amelazwa, mapafu. Anaendelea vizuri na anawasumbua wauguzi. Mbusu binti. Salamu zimekwisha.

Nilikwenda sokoni kumnunulia Fundi matunda. Yule mzee tunayemwita Bwana Tunda, anayeleta matufaha kutoka kwenu, akanipa manne, kila moja limefungwa kwenye karatasi yake kama zawadi. Nimefika wodini, nimelifungua la kwanza, tufaha nikampa mgonjwa, karatasi ikabaki mkononi. Na mkono wangu, Wino, umeshika karatasi ya gazeti tangu kabla hujazaliwa. Rangi ile ya majivu kidogo. Ule uchakavu inaozaliwa nao. Nikaichana kwa urefu, ikachanika imenyooka. Nikaichana kwa upana, ikaenda upogo, ndivyo inavyochanika ya gazeti. Fundi aliacha kutafuna.

Nikarudi sokoni kwa goti hilihili. Bwana Tunda akanionyesha kasha zima: juu karatasi, chini karatasi, kila tufaha karatasi, yote tupu, haina hata herufi moja. Ubavuni mwa kasha kuna lebo ya waliokata karatasi hiyo, na kwenye lebo kuna jina la mtaa. Ni mtaa ninaouandika kwenye bahasha za kukuletea wewe kazini. "Pale zamani palikuwa gazeti," akaniambia, "siku hizi wanakata karatasi za matunda. Kazi yao safi sana."

Kazi yao safi sana!

Elfu kumi na tisa. Zinafunga matufaha! Na mimi ningesimama mbele ya watu wale na wino wangu mwekundu, niseme kwa jirani wanasoma, halafu yule Mwenyekiti angetabasamu. Bila shaka anajua. Anasubiri. Ungeniacha niende nikavuliwe nguo hadharani, wewe mtoto wa kaka yangu?

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema: bahasha ilikuwa nyepesi kwa sababu gazeti halikutoka. Roli la mwisho liliisha mwezi wa nne. Mtambo mkubwa umefunikwa turubai. Kila asubuhi nafungua ofisi, nakaa, napokea matangazo ya gazeti lisilokuwepo. Bibi Kizee yupo. Umeuliza kwa nini?

Nijibu. Na usinijibu habari za mvua.

Shangazi.


3 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, Fundi tunamwombea, na mimi pia nimekasirika, kwa hiyo tuanze tukiwa sawa.

Ndiyo. Gazeti letu lilifungwa, jengo likauzwa pamoja na sisi tuliokuwa ndani yake. Tajiri mpya akaondoa mtambo, akaleta kisu kirefu kuliko meza yako. Roli zinakuja zilezile, kwa meli zilezile, na kwenye vitabu vya serikali zinaandikwa jina lilelile, karatasi ya magazeti, kwa sababu ndivyo ilivyo. Hakuna anayeandika inaenda kufanya nini. Mimi ndiye msimamizi wa kisu. Nakata za matunda, nakata za mafundi cherehani wa kuchorea mitindo, nakata za kujaza ndani ya viatu vipya visibonyee. Ni kazi, inalisha mwanangu, na sitaionea haya mbele ya mtu, hata mbele yako.

Kwa nini sikukuambia? Nilipoondoka ulisimama juu ya kiti ofisini ukawaambia watu wote kwamba naenda kujifunza kwenye gazeti lenye kurasa arobaini, nikirudi nitawafunza ninyi. Fundi alilia. Sasa ningeshika simu niseme nini? Kwamba nakata karatasi za kufungia matufaha? Kila nilipotaka kusema, nilikuwa nakiona kile kiti.

Lakini uwongo sikukuandikia. Nilikwambia kuagiza ni jambo moja na kusoma ni jingine. Uliruka mstari huo kwa sababu ulikuwa na haraka ya kushinda. Nikakuomba usogeze kikao, hukujibu. Kwa hiyo usinitwike mzigo wote. Nusu yake ni yako, ubebe kwa goti lile zima.

Na kuna jambo lililonikera kuliko hasira yako. Unatuandika kana kwamba tuko peponi. Kwa jirani hakuna kamati, kwa jirani wanasoma! Shangazi, huku hakuna aliyetunyima kibali. Hakuna aliyetufungia duka. Gazeti letu lilikufa karatasi ikiwa imejaa ghalani hadi mlangoni. Lilikufa kwa kuwa hapakuwa na mtu mmoja, mmoja tu, wa kupanda ngazi na goti bovu kwenda kuligombania. Ninyi mna roli sifuri na unaye wewe. Mimi nina roli kibao na sina mtu wa namna hiyo. Ukitaka kulinganisha nchi mbili, hilo nalo litie kwenye jedwali.

Usiende na mistari yako ya rangi. Lakini nenda.

Mwanao, Wino.


30 Juni

Mwanangu,

Nianze na habari njema: Fundi ametoka hospitali, amekonda ila mdomo haujapungua. Binti amekubali kutembea? Mkeo nampa pole ya kuishi na wewe. Kile kiti bado kipo. Nimekitazama sana wiki hizi. Kinalegea mguu mmoja na sikupaswa kukipanda, siku ile wala siku nyingine. Basi, hilo limepita, tusilirudie wewe wala mimi.

Nilikwenda. Ngazi zote tatu.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akasoma jedwali lake, elfu tatu, mwaka huu hata elfu moja haifiki, watu hawasomi. Kisha akageuza ukurasa akasema kwa sauti tamu, "Tunasikia kuna ndugu zetu watakaotulinganisha na jirani. Tunawakaribisha." Na yule kijana wake wa pembeni tayari alikuwa ameshika faili, anasubiri. Mwanangu, mtego ulikuwa umetandikwa kwenye kiti changu kabisa.

Nikasimama. Sikubandika kitu. Nikatia mkono kwenye mkoba, nikatoa tufaha, nikaliweka juu ya meza yao likiwa limefungwa.

"Waheshimiwa, kabla hamjaniambia, nawaambia mimi. Jirani wanaagiza karatasi mara sita yetu. Nyingi wanafungia matunda. Hii hapa. Ni karatasi ileile niliyowaomba mimi, kutoka meli ileile." Nikalifungua taratibu. Nikainyoosha karatasi kwa kiganja. "Hii imevuka mpaka wetu bila kibali. Haikupanda ngazi. Hakuna aliyeiuliza inafunga nini. Kwa hiyo jedwali lenu halijui watu wanasoma au hawasomi. Halijui hata karatasi iliyo mezani kwenu. Mimi siombi tuwe kama jirani. Naomba gazeti langu lipewe heshima mnayolipa tufaha."

Watu walicheka, Wino, mpaka wa mlangoni wakaingia kuuliza kuna nini. Yule kijana akalifunga faili lake polepole.

Mwenyekiti hakucheka. Akashauriana na wenzake, akasema ombi limekataliwa, mahitaji ni madogo. Mgao wetu wa mwaka ni sifuri. Akaliandika hilo neno mbele yangu. Na tufaha akabaki nalo.

Niliposhuka zile ngazi nilikuwa nalia, sikufichi. Nililia ghorofa ya tatu na ya pili. Ghorofa ya kwanza nikasimama, nikaanza kucheka peke yangu, mlinzi akaniletea maji. Nilikuwa nimekumbuka swali lako la mwezi wa tano, ambalo hukunieleza uliliuliza kwa nini. Bibi Kizee yupo? Ewe mjanja. Ulikuwa umeshawaza na ukaogopa kusema.

Kwa hiyo sasa nasema mimi. Kanuni yao nimeisoma neno kwa neno, na Fundi kaisoma. Kibali kinatakiwa kwa karatasi ya magazeti iliyo kwenye roli, na Bibi Kizee hali roli. Kilicho ndani ya kasha la matunda ni cha matunda, forodha wanahesabu matufaha. Bwana Tunda nimeongea naye. Karatasi ya juu na chini ya kasha anaitupa kila siku. Yuko tayari kuagiza makasha yake yatandikwe karatasi kubwa, mbili mbili, zisizokunjwa. Mteja ni yeye, anaweza kutaka anavyotaka. Mimi nitamchapia tangazo lake ukurasa wa mbele hadi mmoja wetu azikwe.

Lazima zikatwe upana wa Bibi Kizee. Fundi alitaka kwenda kupima akuandikie. Nimemkatalia. Nimesema kama mtoto yule ameusahau upana huo, basi si wetu.

Ni shangazi yako, mwenye mgao wa sifuri.


18 Julai

Shikamoo Shangazi,

Binti anatembea, na kila anakofika anachana kitu. Wote wazima.

Oda ya Bwana Tunda imefika. Tajiri akaniuliza kwa nini matufaha yanataka karatasi kubwa namna hiyo. Nikamwambia mteja anachukia matunda yakibonyea. Akasema mteja ni mfalme, kata.

Nimekata. Sikupima. Upana ni kutoka kwapani kwangu hadi ncha ya kidole cha kati, mkono ukiwa umenyooshwa, maana ndivyo baba alivyotaka niushike kila ukurasa nilipokuwa namlisha Bibi Kizee. Urefu ni huo na kiganja kimoja juu. Nilifumba macho nikaona ukurasa unaingia. Kama nimekosea hata kidogo, kweli mimi si wenu.

Nimezipanga uso laini juu, ili Fundi asihangaike kugeuza. Gari linaondoka kesho.

Sina maneno mengine leo.

Mwanao, Wino.


2 Septemba

Mwanangu Wino,

Hamjambo nyote? Huyo binti aachiwe achane, ila asichane kilichomo humu ndani. Fundi amenenepa. Goti lipo.

Hukukosea. Fundi aliishika ya kwanza, akailisha, Bibi Kizee akaguna kama alivyokuwa akiguna zamani, ukurasa ukatoka umesimama sawa pande zote. Fundi akasema, "Mkono wa baba yake huu," akatoka nje, akajifanya anakohoa.

Gazeti ni karatasi moja iliyokunjwa. Kurasa nne. Tumelisha kwa zamu, mimi, Fundi, mkewe, na yule mwanamke wa tangazo la cherehani ambaye sasa hatoki. Linanukia matufaha, wauzaji wanasema wateja wanalinusa kwanza ndipo wanasoma. Ukurasa wa kwanza ni mabomba ya maji, sehemu ya pili. Chini ni Bwana Tunda na bei zake. Ukurasa wa mwisho ni jedwali lako, nchi mbili, miaka ishirini, lote, pamoja na maelezo ya zile elfu kumi na tisa zinafanya nini. Maneno yako nimeyaweka kama ulivyoyaandika, pamoja na yale ya gazeti lililokufa ghala likiwa limejaa. Mstari wa mwisho nimeuongeza mimi: mwaka huu, gazeti hili, sifuri.

Lilitoka Jumamosi, lote likaisha kabla ya saa sita. Jumatatu nikaitwa ghorofa ya tatu.

Mwenyekiti alikuwa ameshika nakala. Inaonekana ilisomwa na wengi kabla ya kumfikia, ilikuwa imelegea. Mkono wa pili ameshika jedwali lake. Safari hii hakuna aliyenikaribisha kiti.

"Mama, hii karatasi umeitoa wapi?"

"Karatasi gani, Mheshimiwa?"

"Hii! Kumbukumbu zetu zinaonyesha mwaka huu hukuingiza hata roli moja. Kuna sifuri hapa. Sifuri! Hakuna karatasi, hakuna gazeti."

Nikamtazama. Nikalitazama gazeti la kaka yangu mkononi mwake. Mwanangu, hasira zote nilizopanda nazo zilikuwa zimeniishia, nilikuwa mtulivu kama mtu aliyeshiba.

Nikamwambia, "Basi kama halipo, nirudishie. Kuna mtu chini anasubiri kulisoma."

Akanirudishia.

Nakala hiyo ndiyo niliyokuwekea humu. Chini hapakuwa na mtu; aliyekuwa anasubiri ni wewe.

Shangazi yako.